Mikanda Saba Njia ya Digodigo

Msafiri atokaye Karatu kwenda Digodigo hana budi kulipa kisogo lango la Ngorongoro, ingawa Digodigo yenyewe imo ndani ya Wilaya ya Ngorongoro. Njia ya kukatiza hifadhini ipo, lakini ina ada zake na vumbi lake. Wenyeji wengi huona ni heri kuteremka Rhotia, kushuka ukuta wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu, kisha kushika upande wa kaskazini kupitia Engaruka na Engaresero, na kuipanda milima ya Sale hadi katika nchi ya Wabatemi, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wasonjo. Kutoka Mto wa Mbu hadi Loliondo ni zaidi ya kilometa 200, na sehemu kubwa ya njia hiyo haina duka, haina gereji, wala zahanati iliyo karibu.

Sisi tulikuwa saba. Wazazi wawili, bibi wa watoto, na watoto wanne wa miaka 14, 11, 6 na 2. Dada yetu anafundisha huko, na kwa miaka mitatu alikuwa akituita. Likizo ya watoto ilipofika tuliona udugu unatudai, nasi tukatafuta gari la kukodi Karatu.

Gari la kwanza tulilooneshwa lilikuwa lile liitwalo mkonga, Land Cruiser ndefu yenye bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo. Kwa njia ile hakuna mnyama aliye imara zaidi. Lakini nyuma yake mlikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana, bila mkanda hata mmoja. Mtu aketiye ubavu ubavu, gari likisimama ghafla, hurushwa upande wa bega na shingo, na hakuna mkanda wa kawaida unaomfaa katika mkao huo. Mwenye gari alituambia kuwa amekwisha kubeba watu kumi na wawili humo hadi Wasso, nao wakafika salama. Hatukumbishia. Tulimshukuru, tukaenda kwa mwingine, ambaye alikuwa na Prado ya viti saba iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imetumika.

Hapo ndipo tulipotumia asubuhi nzima kabla ya safari, na wapo waliotucheka. Mtu anayejua kuendesha hudhani kuwa anajua kuendesha kila gari, ilhali kila gari lina tabia yake. Tuliketi wote, kila mmoja mahali pake, gari likiwa limezimwa uani, tukaanza kulisoma.

Kwanza, gari lenyewe lilitusalimia kwa Kijapani. Kisanduku kidogo kwenye dashibodi, ambacho kwao hutumika kulipia barabara, kilitamka maneno ya kutudai kadi, watoto wakalirudia neno kwa neno hadi bibi akawasihi wanyamaze. Karatasi za onyo zilizobandikwa kwenye kikinga jua nazo ni za Kijapani, na ni familia chache mno nchini zinazojua zimeandikwa nini. Mojawapo ilikuwa na picha ya kiti cha mtoto kilichopigwa mstari mwekundu. Maana yake ni kwamba mbele ya kiti kile cha abiria kuna mfuko wa hewa, ambao katika ajali hufumuka kwa nguvu kubwa kufumba na kufumbua. Humwokoa mtu mzima aliyefunga mkanda. Kichanga aliyelazwa mbele, mgongo wake ukielekea dashibodi, unaweza kumuua. Kwa hiyo kiti cha mbele tulimpa bibi, tukakisogeza nyuma kadiri reli ilivyoruhusu.

Tukatazama swichi ya taa na ya waipa, maana kwenye magari ya Kijapani ya kuashiria kona huwa mkono wa kulia, na aliyezoea gari la Ulaya hujikuta akifuta kioo kikavu kila akikata kona. Tukaipata loki ya watoto, kitufe kidogo kilichojificha ubavuni mwa mlango wa nyuma, kisichoonekana mpaka mlango ufunguliwe. Ikishashushwa, mtoto aliye ndani hawezi kuufungua mlango hata akivuta kitasa kwa mikono miwili. Tukaifunga milango yote miwili, kisha tukamtaka yule wa miaka sita ajaribu. Alijaribu kwa bidii ya kweli.

Lakini jambo lililotuzuia kwa muda mrefu kuliko yote ni mkono mfupi ulio kando ya mkono wa gia. Huu ndio unaochagua nguvu ya magurudumu manne: H kwa mwendo wa kawaida, L kwa mlima mkali na matope, na katikati yake N. Watu wengi hudhani kwamba gia ya otomatiki ikishawekwa kwenye P gari limefungwa. Sivyo, ikiwa ule mkono mfupi umeachwa kwenye N. Hapo injini na sanduku la gia havishikamani tena na magurudumu, na gari laweza kuanza kuteremka lenyewe huku P ikisomeka vizuri kabisa. Mtoto aliyebaki garini akichezea, mkono wake huangukia hapo hapo, kwa kuwa mkono huo ni mfupi na uko kimo chake. Basi tukapatana kanuni mbili. Breki ya mkono huvutwa kila tusimamapo, hata mahali tambarare. Na hakuna mtoto abakiye garini bila mtu mzima, hata kwa muda wa kununua maji.

Tukaja kwenye mikanda. Gari la viti saba halina budi kuwa na mikanda saba inayofanya kazi, nasi tulihesabu mitano. Mmoja ulikuwa umefukiwa chini ya kiti cha mwisho, umejaa mchanga na maganda ya karanga. Mwingine ulitoka lakini haukurudi. Tulimwambia mwenye gari kwamba hatulipi mpaka yote saba ikamilike, naye, baada ya kulalamika kidogo, akamwita fundi. Ilipofika saa saba mchana tulikuwa na mikanda saba na watu saba. Tuliijaribu kwa kuivuta kwa ghafla, maana mkanda mzima hukaza ukinyakuliwa. Usiokaza ni pambo tu.

Mkanda una adabu zake, na hili twalisema zaidi kwa akina mama, kwa sababu mavazi yetu ya stara yana suala lake. Sehemu ya chini hupita juu ya mifupa ya nyonga, wala si juu ya tumbo. Mjamzito huishusha chini kabisa ya mimba. Sehemu ya juu hupita katikati ya bega na kifua, mbali na shingo. Jilbabu pana au khimar ikikunjamana chini ya mkanda huacha uwazi, na uwazi huo ndio mwili hujirusha ndani yake. Ni kazi ya sekunde tano kuinua kitambaa, kuupitisha mkanda karibu na mwili, na kukishusha kitambaa juu yake, stara haipungui. Vivyo hivyo kwa watoto na makoti ya Karatu, ambako asubuhi hupiga baridi ya kutetemesha. Koti nene hulegeza mkanda. Mtoto hufungwa kwanza akiwa na sweta jepesi, kisha hufunikwa shuka.

Yule wa miaka sita tulimwekea kiti cha kumwinua, kwani mtoto ambaye hajafikia kimo cha sentimita 135 hadi 150 hukatwa shingo na mkanda wa mtu mzima. Mto wa kulalia haufai badala yake, huteleza. Mdogo wa miaka miwili alikuwa na kiti chake, cha aina inayoweza kugeuzwa mbele au nyuma, tulichopewa na ndugu ambaye twajua hakikupata ajali. Kiti cha mtumba kisichojulikana kilikotoka kinaweza kuwa na ufa usioonekana kwa macho.

Msomaji ataona haya ni maneno mengi kwa safari ya siku moja. Sisi tulifikiri hesabu moja tu. Gari liendalo kilometa 50 kwa saa likigonga kitu kisichosogea, aliye ndani bila mkanda huendelea na mwendo ule ule, sawa na aliyeanguka kutoka juu ya ghorofa ya tatu, kiasi cha mita 10. Na mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa, gari likitoka mwendo wa 40 na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, humlemea mamaye kwa uzito wa zaidi ya kilo 100, ambao ni uzito wa gunia la mahindi. Hakuna mikono iwezayo kulizuia gunia lililorushwa, hata iwe na mapenzi kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kiti cha mtoto kikitumiwa ipasavyo hupunguza vifo vya vichanga katika ajali kwa takribani asilimia 70.

Tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri, dua ya safari ikiongozwa na yule wa miaka 11, ambaye huitamka kwa haraka akidhani hatusikii alichokiruka. Haukupita muda tukawa Rhotia. Hapo, kwenye mteremko wa mto Marera, Jumamosi ya tarehe 6 Mei 2017, basi dogo la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni likiwa linawapeleka wanafunzi kufanya mtihani wa kujipima Karatu. Walifariki watu 35: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu waliokolewa na kupelekwa Marekani, katika jimbo la Iowa, kwa matibabu, wakarejea nyumbani wakiwa hai. Kulikuwa na nyumba za Kiislamu na za Kikristo zilizofiwa siku ile, na Arusha nzima ilikaa matanga. Hatuutaji msiba ule ili kumshitaki mtu. Twautaja kwa sababu hakuna mzazi wa mkoa huu awezaye kupita pale na watoto nyuma yake akapita kama apitavyo mahali pengine. Watoto wetu wakubwa wanazijua habari zile. Garini palikuwa kimya mpaka tulipofika kwenye kingo za Bonde la Ufa na Ziwa Manyara likaonekana chini.

Mteremko wa Mto wa Mbu una kona kali. Hapo huonekana aliyelisoma gari lake na asiyelisoma. Dereva asiyejua kupunguza gia hukanyaga breki tangu juu hadi chini, breki zikapata moto, zikalegea, na mguu ukazama bila kushika. Kwenye otomatiki kuna kitufe kidogo ubavuni mwa mkono wa gia kiitwacho O/D, ambacho watu wengi hukigusa kwa bahati mbaya wakashangaa taa imewaka. Kazi yake ni hiyo hasa: kikizimwa, gari huteremka likizuiwa na injini. Kukiwa kukali zaidi, hutiwa 2.

Baada ya Mto wa Mbu lami ikaisha. Engaruka tulipita pembeni ya magofu ya mji wa kale na mifereji yake ya mawe, iliyomwagilia mashamba karne kadhaa zilizopita kabla watu wake hawajatoweka. Mbele yake akasimama Ol Doinyo Lengai, mlima wa moto wa mita 2,962, mweupe kileleni kwa majivu ya volkano. Mara yake ya mwisho kulipuka kwa nguvu ilikuwa 2007 hadi 2008. Engaresero tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kivulini mwa mgunga, kwa zamu, maana mtu mzima mmoja alibaki na watoto na ufunguo mfukoni. Joto la bonde la Natron si mchezo. Gari lililofungwa vioo juani hupata joto la tanuri katika dakika chache, na mtoto mdogo hulemewa kabla mkubwa hajaona dalili.

Kutoka hapo njia hupanda kwa kona za mawe, na juu yake kila kitu hubadilika. Baada ya majivu na miba, mtu hukuta maji yanatiririka. Wabatemi ni wakulima waliozungukwa na wafugaji, na kilimo chao chote hutegemea chemchemi na mifereji inayogawa maji shamba kwa shamba. Ugawaji wenyewe uko mikononi mwa wazee waitwao wenamiji, na mtu hafungui mfereji kwa kuwa tu mtama wake umenyauka. Hungoja zamu yake. Digodigo tuliyoiona ni kijani cha viazi vitamu na maharage chini ya vilima vikavu, nyumba zilizokaribiana, na watoto wengi kuliko tulivyotarajia, ambao waliliona gari na kulikimbilia wote.

Hili nalo lina hatari yake. Mahali ambapo magari ni machache, mtoto hajui kwamba dereva hamwoni. Kila tulipotaka kurudi nyuma, mmoja wetu alishuka, akalizunguka gari, akasimama nyuma na kuwahesabu waliokuwapo. Siku ya pili watoto wa jirani walikuwa wakijihesabu wenyewe.

Siku ya tatu, baada ya sala ya Alfajiri tuliyoisali uani, alikuja mama mmoja, jirani wa dada yetu, na kichanga cha miezi minane. Kichanga kilikuwa kikipumua kwa kasi, mbavu zikiingia ndani kila pumzi. Hakuhitaji kutueleza zaidi. Hospitali ni ya Wasso, na basi lilikuwa limekwisha kupita. Kabla hatujatoa ufunguo habari zilikuwa zimeenea, na penye mlango wa ua wakawa wamesimama watu wengine watano: wazee wawili, mwanafunzi mwenye sanduku la bati, na akina mama wawili wenye safari zao.

Kumnyima mtu lifti mahali kama pale si jambo dogo. Pengine gari jingine halitapita hadi kesho. Nchi ile ilikwisha kuyaona magari yaliyosheheni: mwaka 2011, Samunge, kijiji jirani, foleni za magari zilikaa siku kwa siku zikiwaleta wagonjwa kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, waliyemwita Babu, kunywa kikombe kwa shilingi 500. Kusema "gari limejaa" wakati kila mtu anaona pengo la kukaa kiunoni mwa mwenzake huonekana ubakhili. Tulishauriana kwa sauti ndogo. Watoto wetu wote wanne na bibi yao wabaki. Hapo mikanda mitano ilipatikana, mbali na miwili yetu: mmoja wa mama mgonjwa, mmoja wa kiti cha kichanga, na mitatu ya wengine. Wawili wangebaki.

Mzee mmoja alitutazama kwa mshangao. "Wanangu," alisema, "hapa pana nafasi ya watu wawili wembamba."

Tulimjibu kwa heshima, baada ya kumwamkia tena, kwamba nafasi ipo lakini mikanda imekwisha. Akanyamaza. Kisha akaangalia upande wa mifereji, akasema kwamba hata maji huwa yapo, zamu ndiyo isiyokuwapo. Akawaambia akina mama wapande na yule mwanafunzi, yeye na mwenzake wangengoja basi la kesho. Hakucheka aliposema hivyo, wala hakuonekana ameridhika sana.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kwa mama wa kichanga. Tulikigeuza kiti cha mtoto wetu kielekee nyuma, kwa sababu shingo ya kichanga haiwezi kuuhimili uzito wa kichwa chake gari likisimama ghafla, na mgongo wa kiti ndio humpokea. Mama aliona tunamnyang'anya mwanawe. Alikuwa amemfunga kwa kanga tangu usiku, na kilio cha mtoto anayepumua kwa shida hakivumiliki. Mwanamke mwenzake kati yetu ndiye aliyezungumza naye, akamketisha pale pale kando ya kiti, mkono wake ukishika mguu wa mtoto, na akamwahidi kuwa tutasimama kila atakapotaka kumnyonyesha. Tulisimama mara mbili. Kila mara tulikuwa tumeegesha kabisa, breki ya mkono imevutwa.

Tulipofika kwenye lami tulielewa hatari mpya ya nchi ile. Kilometa 49 kutoka njiapanda ya Sale hadi Wasso zimewekwa lami, na ni neema: safari iliyokuwa ya nusu siku sasa hupimwa kwa dakika. Lakini barabara ya mawe ilimlazimisha kila dereva kwenda polepole. Lami haimlazimishi, na mbuzi, ndama na watoto wa shule bado wanavuka kama walivyovuka zamani. Tulikwenda 50 penye makazi, hali kichanga kikikoroma nyuma, na tukakiri moyoni kwamba mguu ulitaka kukanyaga. Tulipitwa na pikipiki yenye baba, mama na watoto wawili, hakuna hata mmoja mwenye kofia.

Wasso walimpokea mara moja. Alikuwa na nimonia. Alilazwa siku tatu, na Alhamdulillah akapona; tulikwenda kumchukua siku moja kabla ya kuondoka kwetu, kwa kiti kile kile.

Njiani kurudi mama alikuwa mchangamfu, akakikagua kiti kwa vidole, akifungua na kufunga kifungo chake. Akauliza bei. Tulimtajia, naye akahesabu kwa mbuzi, akatikisa kichwa. Tukamweleza kwamba Sheria ya Usalama Barabarani tuliyoirithi ni ya mwaka 1973, iliyotungwa wakati vitu kama hivi havikuwa vikionekana nchini, na kwamba zipo jumuiya ambazo kwa miaka kadhaa zimekuwa zikidai sheria imtaje mtoto na kiti chake. Alisikiliza kwa makini. Kisha akasema kwamba mwezi ujao atampeleka mtoto Arusha akaonwe na bibi yake, na akataka kujua kama lile basi la alfajiri lina kiti cha namna hii.

Tulimwambia halina.